Leseni ya Sumeiya

Dena alilitazama jina kwenye kompyuta, akautazama na uso wa Sumeiya, halafu akavua miwani na kuifuta kwa pindo la shati. Walikuwa wakijuana mwaka wa sita sasa. Kila fomu ya kazi ambayo Sumeiya aliikamilisha, kuanzia Mambrui hadi Ngomeni, ilipitia mikononi mwa karani huyu wa ofisi ya leseni za stima pale Malindi, na haikupata kurudishwa hata moja. Ndiyo sababu Dena alisita kabla ya kusema. Na aliposema alishusha sauti, kwani nyuma ya Sumeiya palikuwa na foleni ya mafundi sita, wanaume tupu, na wote walikuwa wametega masikio.

"Dada, leseni yako imekwisha. Leo ni siku ya arobaini na tatu."

Sumeiya alimwambia haiwezekani. Karatasi za kuihuisha zilipelekwa mapema, wiki mbili kabla ya tarehe, na ujumbe wa kwamba mambo yamepita alikuwa nao mpaka leo kwenye simu. Dena akatafuta tena kwa jina, akatafuta kwa nambari ya kitambulisho, kisha akatikisa kichwa. Ombi halikukataliwa wala halikuchelewa. Halikupata kuingizwa. Akamweleza kwa upole kuwa fomu ya mtambo wa barafu wa Ngomeni hawezi kuipokea, na akamnasihi asiguse waya wa mtu yeyote mpaka mambo yatengenee, maana fundi asiye na leseni, awe hodari namna gani, mbele ya sheria ni sawa na yule anayeunga nyaya kwa meno.

Mmoja kwenye foleni alicheka. Sumeiya hakugeuka. Aliikunja fomu yake mara nne, akaitia kwenye mkoba, akatoka nje na kusimama kwenye jua la saa tatu kama mtu aliyesahau kwao. Zipu ya mkoba ilimshinda kufunga. Ilimshinda kwa mikono ile ile ambayo bwana Gachanja, mwalimu wake wa kazi, alikuwa akiwaonyesha wanagenzi wengine na kuwaambia watazame jinsi fundi anavyotulia.

Karatasi zile alimpa mtu mmoja tu duniani, na mtu huyo ndiye aliyekuwa amuoe baada ya wiki tatu.

*

Ngomeni ni mwisho wa njia. Ukishapita Gongoni unaingia kwenye mashamba ya chumvi, meupe kulia na kushoto, na bahari ikijaa sana maji huja yakalamba barabara. Huko ndiko alikozaliwa Sumeiya, na huko ndiko alikofia babake. Alikuwa na miaka kumi na minne siku ile mzee alipoushika mlango wa chuma wa ghala la samaki baada ya mvua. Mlango ulikuwa umebeba stima. Aliyeunga nyaya za ghala lile alikuwa kijana wa kupita, hakuwa na leseni wala hakuwa na haya, na siku ya mazishi alishapotea.

Watu walidhani msichana yule ataogopa stima maisha yake yote. Yeye akaifuata. Alisoma chuo cha ufundi Mombasa, akafanya kazi chini ya Gachanja miaka minne hapo Malindi, akaingia mtihani, akatoka na leseni yenye jina lake. Kisha, badala ya kubaki mjini kwenye mahoteli, akarudi kwao. Kutoka Mambrui kwenda juu hapakuwa na fundi mwingine mwenye karatasi. Zahanati ilimwita yeye, misikiti ilimwita yeye, madrasa ilimwita yeye. Wanawake wauza samaki wa Ngomeni, walipochoka kuona samaki wao wakiharibika kwa kukosa barafu, waliunda chama, wakajenga jengo la mtambo, na kazi ya stima wakampa yeye.

Salmin bin Awadh alimjua kupitia waya vilevile. Familia yake ilikuwa na duka la vifaa vya ujenzi Mambrui, duka la marehemu babake. Miaka miwili nyuma Sumeiya aliingia humo na mzingo wa waya alioununua juzi yake, akauweka juu ya meza mbele ya wateja, akauchuna kwa kisu na kumwonyesha shaba iliyomo ndani, nyembamba kama uzi wa kushonea. Alimuuliza kama nyumba aliyolala mamake ingefungwa waya ule angepata usingizi. Salmin alikuwa kijana mpole, mwenye macho ya kutazama chini. Siku hiyo aliyainua macho akamtazama, na hakuyashusha tena. Kesho yake aliirudisha shehena nzima kwa muuzaji wa jumla. Kesho kutwa alifika Ngomeni mwenyewe kumwambia kwamba ameurudisha, safari ya saa nzima kwa neno la dakika moja. Basi hapo ndipo mapenzi yalipoanza, na Sumeiya aliyapenda zaidi kwa sababu yalianza kwa ukweli.

Ndiyo maana alimpa bahasha. Mwezi ule alikuwa Ngomeni kwenye jengo la barafu, kazi imemshika, na mtandao wa huko ni wa kubahatisha. Salmin alikuwa akienda Malindi kila Jumatatu kuchukua bidhaa. Mwenyewe ndiye aliyejitolea. Nipe mimi, alimwambia, nitakutilia kwenye mtandao, wewe usiteremke kwenye ngazi. Jumatatu jioni akatuma ujumbe: *Imepita, mpenzi.*

*

Sumeiya alifika Mambrui watu wakitoka kuswali adhuhuri. Salmin alikuwa ndiyo kwanza anafungua mlango wa duka, kofia kichwani, kanzu imemkaa vizuri. Alipomwona uso ulimng'aa kama kawaida yake. Alimuuliza kama amekula.

"Bahasha yangu uliipeleka wapi?" Sumeiya alisema.

Macho ya Salmin yalimtoroka. Yalikwenda kwenye meza ya hesabu, upande wa kulia, kwenye mtoto wa meza wa chini, yakarudi. Ilikuwa ni kufumba na kufumbua tu, lakini Sumeiya aliyaona. Njia nzima kutoka Malindi alikuwa akimtafutia udhuru. Labda mtandao ulikatika, labda alikosea kubonyeza. Sasa alijua.

"Kaa kwanza, Sumeiya."

"Sikuja kukaa. Fungua."

Aliufungua. Bahasha ilikuwa chini ya vitabu vya risiti, ya kaki, imeandikwa kwa mkono wa Sumeiya mwenyewe, na gundi haijabanduliwa.

Sumeiya alipitisha kidole juu ya gundi. Alipozungumza sauti yake haikupanda. Salmin aliyezoea kumsikia akifoka na wauza nyaya na wapaka chokaa, sauti ile ya chini ilimtia hofu zaidi.

"Uliniandikia kwamba imepita. Nilikuwa juu ya paa la jengo la barafu nikausoma ujumbe wako. Nikakuombea dua, Salmin. Nikiwa juu ya paa."

Akaanza kujieleza, maneno yakimtoka vipande vipande. Ile Jumatatu alipokuwa anatoka, mamake alimsimamisha mlangoni. Bi Shekha alimwambia kwamba hana ugomvi na binti, binti ana adabu na ana dini, lakini mke wa nyumba ya Awadh hawezi kuonekana ananing'inia kwenye ngazi na kuingia kwenye nyumba za wanaume na mkoba wa bisibisi. Watu watasema nini. Salmin alifika Malindi na bahasha mkononi, akapita mlango wa duka la mtandao, akarudi nayo. Alifikiri leseni ikikatika ofisi yenyewe itamzuia, Sumeiya atapumzika kidogo, harusi itapita kwa salama, na baadaye wataangalia. Kisha kila siku alikusudia kuipeleka, na kila siku ilikuwa nzito kuliko jana.

"Sikutaka kukukataza," alisema. "Nilijua nikikukataza utaniacha."

"Kwa hivyo ukaona bora unikate mikono nikiwa nimelala."

"Nilitaka amani, basi."

"Amani ya nani?"

Nje mtu alipita akisukuma mkokoteni, akatoa salamu, hapakuwa na aliyemwitikia.

"Siku arobaini na tatu," Sumeiya alisema. "Siku zote hizo nimeshika nyaya za watu. Nimefunga nyaya zahanati, nimefunga jengo zima la barafu. Lau mtu angedhurika, ningeshtakiwa mimi. Lakini hilo si kubwa. Kubwa ni kwamba wewe unajua babangu alikufa vipi. Kisa kile sijamhadithia mtu mwingine, nilikuhadithia wewe, hapo hapo ulipokaa, na ukalia. Halafu ukaenda ukanifanya mimi niwe kama yule aliyemuua. Fundi asiye na karatasi. Na ukaninyima hata kujua."

Salmin alifunika uso kwa viganja viwili. Alisema jina la Sumeiya. Ilikuwa sauti ambayo siku nyingine ingemlainisha, na kwa kweli hata siku ile mwili wake ulitaka kwenda, ulitaka kuiondoa mikono ile usoni. Jambo hilo likamzidishia hasira. Alirudi nyuma hatua moja.

*

Duka na nyumba vilikuwa vimeungana, na kati yake palikuwa na mlango wenye pazia. Pazia lilifunguliwa, akaingia Bi Shekha, leso mabegani, tasbihi mkononi. Alikuwa mwanamke mrefu, mweupe, ambaye uso wake haukusema kitu mpaka yeye mwenyewe atake. Sumeiya hakusahau adabu. Alimwamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba.

Bi Shekha hakuwa amesikia neno. Alisema ni kheri amefika, kwa sababu mfereji wa maji wa hamamu unauma watu. Tangu jana ukiushika unakutetemesha mkono, na asubuhi ile Pola, msichana wa kazi, alirushwa akaanguka. Basi kabla hajaondoka autazame kidogo.

Aliyasema haya kama jambo la kawaida kabisa. Kwake yeye kumfanyia kazi mkwe haikuwa kazi. Sumeiya alimtazama, akamtazama na Salmin, na kicheko kisicho na furaha kikamfika kooni akakizuia.

"Siruhusiwi, Mama. Leseni yangu imekwisha. Siku arobaini na tatu sasa, na karatasi zangu zilikuwa zimefungiwa humu kwenye mtoto wa meza. Muulize mwanao."

Lakini mfereji unaouma watu hakuweza kuupa kisogo. Aliuliza sanduku la fyuzi liko wapi, akaliendea huku Bi Shekha akimfuata, akazima swichi kubwa ya nyumba nzima, jambo ambalo hata mtoto anaruhusiwa kulifanya. Akamwambia kwamba waya wa ardhi, ule wa kuishusha chini stima iliyopotea, umekatika mahali, na kwamba asiiwashe mtu mpaka bwana Gachanja afike kutoka Malindi. Huenda ikachukua siku mbili. Pampu haitavuta maji, friji haitagandisha, na wageni wa harusi kutoka Lamu walikuwa wameanza kuandaliwa vyumba. Bi Shekha hakuyajali hayo. Aliuliza swali moja tu: kama ingeweza kumuua Pola.

"Angekuwa na miguu majini, ndiyo," alisema Sumeiya. "Babangu ilimuua."

Bi Shekha aliziacha shanga za tasbihi. Akarudi dukani, hatua zake za polepole, akasimama mbele ya mwanawe ambaye sasa alikuwa ameishika bahasha.

"Ni kweli uliificha?"

"Nilifanya kwa ajili yako, Mama. Wewe ndiye uliyesema."

"Mimi nilisema sipendi kazi yake. Nilimwita hapa, nikamkalisha juu ya zulia langu, nikamwambia uso kwa uso. Naye akanijibu kwa heshima kwamba haiachi. Tukajuana, mimi na yeye. Kila mmoja akalala na lake." Alinyoosha mkono, akaichukua bahasha. "Wewe nani aliyekutuma ukaibe?"

Salmin alisema hakuiba. Bi Shekha akamwambia asimtie yeye mbele ya wizi wake. Marehemu Awadh alikaa kwenye kiti kile miaka thelathini, alisema, na hakuna karatasi ya mtu iliyopotea humo. Kisha akamgeukia Sumeiya na kumkabidhi bahasha kwa mikono miwili. Hakuomba msamaha kwa maneno. Alisema tu kwamba kazi ile bado haipendi, na kwamba hajui leo amtazame Sumeiya usoni vipi.

Sumeiya alivua pete ya uchumba. Haikutoka kwa urahisi, vidole vilikuwa vimevimba kwa joto. Aliiweka juu ya meza, akaitia bahasha mkobani, akatoka.

Salmin alimfuata mpaka barabarani, kichwa wazi, kofia imebaki ndani. Watu walisimama kutazama. Alimshika mkono wa buibui, akauachia mara moja.

"Wiki tatu zimebaki. Watu wamealikwa. Niambie nifanye nini na nitafanya."

"Mimi sikujua nifanye nini siku arobaini na tatu, kwa sababu sikujua kama kuna jambo. Na wewe leo usijue."

*

Alirudi Malindi siku ile ile. Dena alikuwa anafunga dirisha, akalifungua tena. Alikaa naye wakiingiza karatasi moja baada ya moja, hakumuuliza lililotokea, na mwisho akamwambia leseni mpya itachukua wiki tatu, pengine zaidi. Sumeiya alipohesabu vidoleni aliona ingetoka karibu na siku ambayo angekuwa bibi harusi. Hakulia. Alikuwa na hasira nyingi mno, na hasira hizo zilimsaidia kusimama wima.

Lililokuwa gumu kuliko yote lilikuwa Ngomeni. Aliwakusanya wanawake wa chama ndani ya jengo jipya la barafu, mtambo ukiwa kimya nyuma yake, akawaambia yote bila ya kujipendelea. Kwamba mtambo hautawashwa wiki hii. Kwamba fomu imekataliwa. Kwamba alimpa mtu mwingine jambo la kufanya mwenyewe. Wapo waliomlaani Salmin kwa sauti, wapo waliosema wanaume wa Mambrui ndivyo walivyo. Idah, mwenyekiti, mjane mwenye mikono iliyochanjwa na mapezi ya samaki, hakumlaani Salmin. Alimkabili Sumeiya.

"Kazi hii tulikupa wewe. Hatukumpa mchumba wako."

Sumeiya alisema ni kweli.

"Umetuweka kwenye mfuko wa kanzu yake, sisi na samaki wetu. Wewe umedanganywa, sawa, nakuonea huruma. Lakini sisi hatukuwa na mapenzi naye."

Maneno yale yalimkata maini. Usiku ule na usiku uliofuata aliyasikia tena na tena. Alimchukia Salmin kwa ajili yake mwenyewe, na sasa akamchukia kwa ajili ya Idah. Na kila alipomaliza kumchukia alijikuta anaikumbuka sauti ile iliyoita jina lake dukani, akawa anaanza upya.

Alimpigia simu Gachanja. Mzee yule alikuja kwanza Mambrui kuutengeneza mfereji wa Bi Shekha, halafu akaja Ngomeni na vipimo vyake. Hakukubali kutia sahihi kwa kuaminiana. Alimwambia Sumeiya waziwazi kwamba jina lake halikai juu ya kazi ambayo hakuipima, hata kama ni ya mwanafunzi wake bora. Akapima siku mbili nzima, kila tundu, kila waya wa ardhi, kila boliti ya mota. Sumeiya alikaa kwenye ndoo iliyofudikizwa, mikono mapajani, haruhusiwi hata kumshikia testa. Alikuwa akiitazama kazi yake mwenyewe ikikaguliwa kama ya mgeni. Siku ya pili alasiri Gachanja alisimama, akajifuta jasho, akasema hajapata kosa hata moja. Kisha akaandika jina lake kwenye fomu, mahali palipokuwa pa Sumeiya.

"Uchungu huu usiusahau," alimwambia. "Leseni ni kama mswaki. Humpi mtu akushikie."

*

Mtambo uliwashwa Alhamisi ya wiki iliyofuata, asubuhi, baada ya fomu kupita. Wanawake walikuja na mabeseni na masanduku ya samaki, wengine na wajukuu. Gachanja aliiinua swichi. Mota ikanguruma, na wote wakangoja mpaka kitu kikagonga ndani ya bomba na barafu ya kwanza ikamwagika. Vigelegele vikapanda. Sumeiya alikuwa amesimama ukutani, nyuma ya watu.

Ndipo alipomwona Salmin mlangoni.

Alikuwa amekonda. Ndevu hazikukatwa. Alitoa salamu, na vigelegele vikafa kimoja kimoja kadiri wanawake walivyomtambua. Hakumtafuta Sumeiya kwa macho. Alikwenda akasimama mbele ya Idah, akasema kwa sauti ambayo watu wote waliisikia kwamba yeye ndiye Salmin wa duka la Awadh, na kwamba karatasi za fundi wao alizificha yeye. Fundi hakuzembea na hakukosea. Alimdanganya, na uongo wake umewachelewesha wao, na hakuja kutoa sababu kwa sababu hana.

Idah alimtazama kutoka kichwani mpaka miguuni.

"Umesikika," alisema. "Sasa ondoka njiani, barafu inayeyuka."

Wanawake wakarudi kwenye mabeseni yao. Salmin alitoka nje, na Sumeiya, huku akijilaumu, akamfuata mpaka pembeni ya jengo ambako ukuta ulitupa kivuli chembamba. Walisimama kila mmoja upande wake, nafasi ya mtu wa tatu katikati.

Salmin alimweleza kwamba alikwenda Malindi kwa ami yake aliyekuwa asimamie harusi, akaenda kwa imamu, akawapigia simu wageni wa Lamu mmoja mmoja. Wote aliwaambia kwamba tarehe imeanguka kwa kosa lake. Hakutaka watu waseme kwamba bibi harusi ana ila. Mamake alikuwa hasemi naye ila kwa lazima. Aliyasema haya akitazama mchanga, kisha akainua macho, yale macho aliyoyainua siku ya waya mwembamba.

"Nakupenda, Sumeiya."

"Hilo silikatai."

"Basi nisamehe."

"Sijafika huko. Na usinisukume." Alivuta pumzi. Hasira zilikuwa zimemjaa mpaka machoni, lakini alitaka aseme sawasawa, asije akajuta. "Umesema mbele ya wanawake hawa, na nimekusikia. Ilikugharimu, naona. Lakini umesema nilipokwisha kujua. Mimi nilikuwa nataka mtu wa kuniambia kabla. Ungenijia siku ya kwanza ukasema, Mama hataki, na mimi naogopa. Tungegombana. Pengine tungegombana mwezi mzima. Mimi kugombana naweza, Salmin. Kufungiwa ndani ya meza siwezi."

"Ningojee wapi?" aliuliza. "Niambie tu nije lini."

"Usije. Njia ya Mambrui naijua. Nikitaka, nitakuja mwenyewe, nitapiga hodi mlango wa mbele, mamako akiwepo. Na usiposikia hodi, jibu ndilo hilo."

Salmin aliinamisha kichwa, akasema amekubali. Hakumwomba mkono. Alikwenda zake kwenye njia nyeupe iliyokatiza mashamba ya chumvi, peke yake, na hakugeuka, ijapokuwa mabega yake yalionyesha jinsi alivyotaka kugeuka.

Sumeiya alimtazama mpaka akawa mdogo. Jina lilimfika kwenye ncha ya ulimi, akalimeza. Ndani ya jengo Idah alikuwa anamwita, akimuuliza kama fundi haruhusiwi hata kuchota barafu. Akaingia, akapokea beseni, akatumbukiza mikono miwili ndani ya barafu na kuanza kuwafunika samaki wa watu, safu juu ya safu, mpaka vidole vikamuuma. Idah alimwona machozi yanamtoka akajifanya hakuyaona.

Alikuwa bado anampenda, na hilo ndilo lililomkasirisha kuliko yote.